Sehemu, Uwiano na Masomo ya Mhandisi

Uhandisi ulianza kufundishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973. Mwanafunzi mpya hupanga masomo ya miaka 4. Ya hiari ni machache, nayo huja baadaye. Kwanza hana budi kuuliza lipi hutangulia lipi, kwani hisabati ya mwaka wa kwanza ikimshinda, elimu ya mwendo wa maji na ya uimara wa majengo humlemea pia.

Nasi wanachuo tutakaofanya mazoezi ya kufundisha Mogitu, tufundishapo sehemu na uwiano, tusiridhike na mtoto aliyekariri kanuni. Apime debe la maji, aeleze kwa nini theluthi yazidi robo. Akikosea, aachwe apime tena, hata kipindi kikiisha.