Teja: Mteja Aliyevuliwa Herufi Moja

Kuanzia vijiwe vya Dar es Salaam na Unguja hadi vichochoro vya Mombasa, mtu aliyezama kwenye heroini huitwa teja. Wakiwa wengi, mateja. Neno hili halikutoka hospitalini wala mahakamani, limetoka sokoni. Asili yake ni mteja, yule yule anayelakiwa gengeni kwa “karibu mteja wangu”.

Heroini ilienea katika miji ya pwani miaka ya 1980, na biashara yake ikazaa msamiati. Bidhaa ni unga, kipimo cha rejareja ni kete, muuzaji ni pusha, anayeusafirisha ni punda. Mnunuzi naye akapewa jina la mtu asiyekosa kurudi dukani.

Ila mtaa haukuliacha jina hilo lilivyo. Kiswahili kina mbinu ya kumkuza mtu ili kumdharau: mtu huwa jitu, mtoto huwa toto, mzee huwa zee. Anatolewa ngeli ya M-WA na kutupwa kwenye ngeli ya JI-MA, waliko majitu na madude. Ndivyo mteja alivyovuliwa m- yake, na wateja wakawa mateja. Hata hivyo, katika upatanisho hakunyang’anywa utu wote: wengi bado husema “teja huyu”, ingawa mwenye hasira atasema “teja hili”.

Kinachomrudisha teja kwa pusha nacho kina jina la mtaani: arosto, wengine husema alosto. Heroini ikiingia mwilini hugeuka mofini, nayo hushika vipokezi vile vile vya ubongo vinavyotumiwa na vituliza maumivu vya mwili wenyewe. Ikitumiwa kwa muda mrefu, chembe za ubongo hujizoesha kufanya kazi zikiwa zimekandamizwa, hivyo huongeza bidii ili mwili usilale kabisa. Dawa ikikatika, bidii ile inabaki bila wa kuizuia. Baada ya saa 6 hadi 12 tangu kete ya mwisho huanza miayo, machozi na makamasi. Kisha vinyweleo husimama, tumbo huharisha, mifupa huuma na usingizi hupaa. Hali hupamba moto siku ya pili au ya tatu, halafu hupungua katika muda wa wiki moja hivi.

Mteja wa gengeni akikosa nyanya, atakula mboga bila nyanya. Teja akikosa kete, mwili wenyewe unamwadhibu. Aliyefika hapo hununua kete ili azuie maumivu. Starehe ilishakwisha zamani. Kwa hiyo utani wa “teja wa mpira” au “arosto ya chai” unachukua hamu tu na kuyaacha mateso.

Familia nyingi humfungia kijana ndani mpaka arosto ipite, zikidhani amepona. Mwili umetulia kweli, lakini hamu hubaki kwa miezi au miaka. Hatari nyingine ni kwamba uwezo wa mwili kuhimili dawa umeshashuka: akirudia kiasi alichozoea, pumzi inaweza kukatika akafa.

Tiba ya methadoni, iliyoanza kutolewa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, imejengwa juu ya elimu hiyo ya vipokezi na arosto. Methadoni hushika vipokezi vile vile, lakini polepole na kwa muda mrefu, kiasi kwamba dozi moja inayonywewa mbele ya mhudumu humvusha mtu siku nzima bila arosto. Akiisha kuvuka siku bila kusaka kete, anapata nafasi ya kula, kufanya kazi na kusikiliza ushauri.

Kwenye huduma za afya, anayehudumiwa mara nyingi huitwa mteja, na aliyetawaliwa na dawa za kulevya huitwa mraibu. Majina yote mawili yamo katika ngeli ya watu. Ndugu anayetaka kumshawishi kijana wake aende kliniki aanzie hapo, au bora zaidi, amwite kwa jina alilopewa na wazazi wake.