Kuinua na Kubadilisha Ujuzi katika Fani ya Nyuklia: Mahitaji ya Pwani ya Kismayu na Visiwa vya Bajuni

Kuinua ujuzi ni kumwongezea mtaalamu uwezo katika kazi aliyo nayo. Kubadilisha ujuzi ni kumwandaa mtu kwa kazi nyingine. Makala haya yanafafanua dhana hizo kwa eneo lisilo na mtambo wa nyuklia. Hoja yetu ni kwamba, kuanzia Kismayu hadi Ras Kamboni, kazi ya kwanza ya fani hii ni kupima, wala si kuzalisha umeme.

Baada ya tsunami ya Desemba 2004, ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2005 ilitaja taarifa za taka hatari, zikiwemo zenye mionzi, kusukumwa ufukweni nchini Somalia, hasa kaskazini, na ikapendekeza uchunguzi wa kina. Uvumi wa aina hiyo ukifika Chula au Koyama, mvuvi hana njia ya kuuthibitisha wala kuukanusha, kwani mionzi haionekani wala hainuki. Aidha, kipimo kimoja hakitoshi. Seziamu-137, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 30 hivi, ilienea duniani kote kutokana na majaribio ya mabomu ya karne iliyopita. Kuigundua tu si ushahidi wa taka. Sharti kiwango cha kawaida cha eneo kijulikane kwanza. Vilevile, isotopu za oksijeni na haidrojeni husaidia kubaini iwapo chumvi ya kisima inatokana na bahari, jambo lenye uzito visiwani.

Wanaostahili kuinuliwa ujuzi ni mafundi wa eksirei na walimu wa fizikia na kemia. Wanaostahili ujuzi mpya ni manahodha na wavuvi: wanaijua mikondo na misimu ya kaskazi na kusi, na wanaweza kufundishwa kuchukua sampuli, kuzihifadhi na kuandika mahali, kina na wakati.

Mwaka 2024 Somalia ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mkutano mkuu wa IAEA ukaidhinisha ombi lake la uanachama. Sampuli zaweza kupimwa kwa ushirikiano na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoko Arusha, huku Chuo Kikuu cha Nairobi kikiwa na taasisi ya sayansi ya nyuklia. Kwa kuwa Kibajuni ni lahaja ya Kiswahili, mafunzo ya awali yatolewe kwa Kiswahili, pamoja na istilahi sanifu.

Tunapendekeza ajira na vifaa vitangulie vyeti. Mtaalamu asiye na maabara atahama, na pwani itabaki na uvumi wake.