Bei ya dhahabu kwenye skrini: Ukurasa unapoguswa moja kwa moja

CHUKULIA mnunuzi wa dhahabu katika machimbo ya Rwamgasa, mkoani Geita, anayeandika mauzo kwenye ukurasa wa tovuti kwa kutumia simu. Anajaza gramu, anajaza bei, na jumla inatokea chini. Mchimbaji aliyesimama mbele yake huiamini jumla hiyo kama anavyouamini mzani.

Kurasa nyingi za aina hiyo hutengenezwa kwa React, maktaba ya programu iliyotolewa na kampuni ya Facebook mwaka 2013. Ukurasa hugawanywa katika vipande: kisanduku cha uzito, kitufe, jumla. Mtayarishaji programu haiamuru skrini ibadilike. Hubadilisha takwimu zilizohifadhiwa, nayo React huchora upya sehemu inayohusika.

Hata hivyo, yapo mambo yasiyotimizwa kwa takwimu pekee. Mnunuzi akisahau kujaza uzito, yafaa alama ya kuandikia irudi yenyewe kwenye kisanduku hicho. Vivyo hivyo orodha ndefu inapotakiwa kusogezwa hadi mauzo ya mwisho, au upana wa picha unapotakiwa kupimwa.

Kwa kazi hizo ipo njia iitwayo ref, yaani kishikizo cha kuifikia elementi iliyokwisha kuchorwa. Tangu toleo la 16.8 la Februari 2019, kishikizo hicho huweza kutengenezwa kwa useRef. Huwa kitupu hadi elementi iwekwe kwenye ukurasa, na huwa kitupu tena inapoondolewa. Hivyo hutumiwa baada ya uchoraji, kwa mfano kitufe kinapobonyezwa. Toleo la 19 la Desemba 2024 liliiondoa findDOMNode, njia ya zamani ya kuzifikia elementi.

Hatari huanza kishikizo kinapotumiwa kuandika namba. Tuseme bei imepanda kutoka Sh 300,000 hadi Sh 310,000 kwa gramu, na programu ikaibandika jumla mpya juu ya skrini bila kugusa takwimu zilizohifadhiwa. Kwa gramu 5 mchimbaji ataona Sh 1,550,000, lakini kumbukumbu zitapokea Sh 1,500,000. Tofauti ya Sh 50,000 itagunduliwa wakati wa malipo, na lawama zitamwangukia mnunuzi asiyejua kilichotokea.

Kwa sababu hiyo, kishikizo kitumike kuelekeza, kusogeza na kupima. Bei, uzito na jumla vibadilishwe kwenye takwimu zenyewe, ili kinachoonekana kiwe ndicho kinachohifadhiwa.