Mtoto Anapofiwa na Samaki Wake

Baadhi ya familia zetu, hasa za mjini, hufuga samaki wa mapambo katika tangi la kioo sebuleni. Mtoto humpa samaki wake jina na kumlisha kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Siku moja humkuta akielea, amekufa. Mtoto hulia na kususa chakula, na wazazi wengi humwambia: "Nyamaza, huyo ni samaki tu! Mbona wa kukaanga unamla?"

Tusimcheke. Huenda hiki ndicho kifo cha kwanza anachokiona kwa macho yake. Akichekwa leo, atajifunza kuficha huzuni, na siku utakapotokea msiba mkubwa nyumbani atanyamaza nayo moyoni.

Mtoto anaelewa nini juu ya kifo?

Mtoto wa chini ya miaka 5 hudhani kifo ni kama safari. Atauliza mara nyingi, "Atarudi lini?" Huo si ukaidi. Kati ya miaka 5 na 7 wengi huanza kuelewa kwamba aliyekufa harudi. Kufikia miaka 9 au 10 hutambua kwamba kila chenye uhai hufa, na huweza kuuliza, "Mama, na wewe utakufa?" Tumjibu kwa upole, tusimkemee.

Tumsaidieje?

1. Tumwambie ukweli. "Samaki amekufa. Hapumui tena, haoni njaa wala hasikii maumivu." Tukisema "amelala", mtoto mdogo anaweza kuogopa kulala usiku.

2. Tumwondolee lawama. Watoto hudhani wao ndio wamesababisha kifo. Tumweleze kwamba samaki hufa kwa uzee, kwa ugonjwa, au kwa maji mabaya. Chakula kikizidi huoza, nacho pamoja na kinyesi huzaa amonia, sumu inayoharibu matamvua ambayo samaki hupumulia. Klorini ya maji ya bomba nayo humdhuru. Kama mtoto alimlisha kupita kiasi, tumwambie: "Ulimpenda, ila hukujua." Kisha tumfundishe.

3. Tumzike samaki pamoja. Tuchimbe shimo la kutosha ili paka asimfukue, na mtoto aseme anachotaka kusema. Tusimtupe mtoni wala ziwani, maana anaweza kupeleka magonjwa kwa samaki wengine. Baada ya kumshika samaki au maji ya tangi, tunawe mikono kwa sabuni. Mwenye kidonda mkononi asiyaguse maji hayo, kwani huweza kuwa na bakteria waletao vidonda vya ngozi visivyopona upesi.

4. Tusiharakishe kununua mwingine. Wapo wazazi wanaoweka samaki mpya kwa siri usiku. Mtoto akigundua, atapoteza imani na maneno yao. Tungoje mpaka aombe mwenyewe.

Huzuni inapozidi

Kwa kawaida mtoto hupata nafuu baada ya siku au wiki chache. Lakini zikipita wiki kadhaa naye bado halali, hali vizuri, ameanza tena kukojoa kitandani au anakataa shule, tumpeleke kwa mganga. Akisema anataka kufa amfuate samaki wake, tusingoje hata siku moja.

Tuchunguze pia jambo jingine. Pengine mwaka jana alifiwa na baba au bibi, akapelekwa kwa jirani wakati wa mazishi, wala hakuna aliyezungumza naye. Sasa machozi yaliyozuiwa yamepata mlango. Mtoto wa namna hiyo anamlilia samaki, lakini anamlilia na baba. Tuketi naye, tumtaje marehemu kwa jina, na tumwache alie.