Kwa nini gunia la unga ni ghali Juba

Barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Juba hadi mpaka wa Nimule ilifunguliwa mwaka 2012. Wafanyabiashara wengi walitarajia bei za bidhaa kutoka Uganda na Kenya zishuke. Lakini vita vilizuka Desemba 2013, na mapigano yakarudi Juba Julai 2016. Lami ilikuwepo, usalama haukuwepo.

Ukosefu wa usalama hupandisha bei hata pale mzigo unapofika salama. Tuseme mfanyabiashara anapeleka magunia 500 ya unga. Njia ikiwa shwari, mtaji wake huzunguka mara tatu kwa mwezi, na faida ya dola 2 kwa gunia humpa dola 3,000. Lori likikwama kungoja msafara wenye ulinzi, na mtaji ukazunguka mara moja tu, atahitaji dola 6 kwa gunia ili apate kiasi kile kile. Hapo bado hajalipia siku za ziada za lori, dereva na utingo, wala fedha zinazodaiwa kwenye vizuizi. Mwaka 2021 madereva waligoma baada ya wenzao kuuawa njiani, malori yakapanga foleni Elegu, upande wa Uganda.

Gharama hiyo humwangukia mnunuzi ambaye naye hana kitu. Serikali ya Sudan Kusini hupata sehemu kubwa ya mapato yake kutokana na mafuta. Mwaka 2024, baada ya bomba kuu kupasuka upande wa Sudan, watumishi wengi wa umma walikaa miezi bila mishahara. Aliyekuwa akinunua gunia hununua kilo.

Sarafu nayo huumia. Desemba 2015, pauni ilipoachiwa ifuate soko, dola moja ilipanda kutoka pauni zisizofika 3 hadi zaidi ya 18. Oktoba 2016 mfumuko wa bei ulipita asilimia 800 kwa mwaka. Aliyekopesha bidhaa kwa pauni alilipwa deni lote, lakini fedha hizo hazikutosha kununua tena mzigo ule ule.

Matokeo yake ni mauzo madogo, maduka machache na kazi chache. Kijana asiye na kazi ni rahisi kushikishwa bunduki, na njia inazidi kuwa ya hatari.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Nafuu ya ushuru inasaidia, lakini haiwezi kufidia mtaji uliolala njiani. Anayepanga bei ya mzigo wa Juba ahesabu siku, asihesabu kilomita peke yake.