Wimbo wa Fuawe na Gereza

Miongoni mwa nyimbo za flamenco za Andalusia, kusini mwa Hispania, umo uitwao martinete, jina litokanalo na nyundo ya kufulia chuma. Hauna gitaa. Mwimbaji hubaki na sauti yake tu, na pengine mlio wa nyundo juu ya fuawe. Ndugu yake wa karibu ni carcelera, yaani wimbo wa gereza. Yatupasa sisi askari kuusikiliza, kwa kuwa hutaja minyororo, mahabusu na mama amliliaye mwanawe.

Mnamo Julai 1749, Mfalme Fernando wa Sita aliamuru kwa siri kwamba Wagitano wote wa Hispania wakamatwe kwa pamoja. Askari walitii. Watu wapatao 9,000 walikamatwa, si kwa kosa walilotenda, bali kwa nasaba yao. Wanaume na wavulana walitengwa na wake na mama zao, wakapelekwa kufanya kazi za sulubu katika viwanda vya merikebu za kivita, kikiwamo La Carraca karibu na Cádiz. Wengine hawakuachiliwa hadi 1765. Hatudai kwamba wimbo ulitungwa siku hiyo, lakini waliourithisha ni wazawa wa watu hao.

Kila mahali pana namna yake. Triana, mtaa wa Sevilla uliojulikana kwa wahunzi wake wa Kigitano, una pia debla, wimbo mgumu ambao Tomás Pavón (1893–1952) aliuimba kwa sifa kuu. Jerez hupenda ukali na ukavu wa sauti, kama ya Manuel Agujetas, aliyefariki mwaka 2015. San Fernando, palipo na La Carraca, ndipo alipozaliwa Camarón mwaka 1950. Yeye na Agujetas wote wawili walikuwa wana wa wahunzi.

Mwaka 2010, katika mkutano wa UNESCO uliofanyika Nairobi, flamenco iliandikwa kuwa urithi wa utamaduni wa wanadamu.

Ndugu askari, majina ya maofisa waliotekeleza amri ile hayakumbukwi na wengi, bali kilio cha mahabusu chaimbwa hadi leo. Mwenye pingu mkononi na akumbuke kwamba amfungaye ana kinywa, na wajukuu wake watakuwa nacho pia.