Land Rover kuukuu: Raha ya porini, karaha ya mjini

MVUA ya masika inapogeuza barabara za mashambani kuwa matope, wenye magari madogo huwaonea kijicho jirani zao walio na Land Rover. Hata hivyo, anayelinunua gari hilo likiwa limetumika kwa miaka mingi hugundua upesi kwamba ushujaa wa porini una bei yake.

Gari hilo lilizinduliwa mwaka wa 1948, wakati Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya bodi yake iliundwa kwa bati za alumini. Muundo huo wa kale ulidumu katika aina ya Defender hadi Januari 2016, utengenezaji wake ulipokoma.

Nchini Kenya, magari hayo yaliunganishwa kwa miaka mingi mjini Thika. Aidha, sheria hairuhusu kuingizwa kwa magari ya mtumba yaliyopitisha umri wa miaka minane. Hivyo basi, anayelitamani la zamani hana budi kutafuta miongoni mwa yale yaliyomo nchini, nayo yanazidi kuzeeka.

Hapo ndipo mnunuzi huponzwa na macho. Alumini haipati kutu kama chuma, kwa hivyo bodi yaweza kung'ara ilhali fremu ya chuma iliyo chini, ambayo makanika huiita chesisi, imeoza. Matope hujikusanya ndani yake na kuhifadhi unyevu. Pwani, hewa ya chumvi huongeza kasi ya uharibifu. Hata alumini yenyewe huliwa na kutoa unga mweupe pale inapogusana na chuma penye unyevu.

Kero nyingine ni za kila siku. Gari ni zito na umbo lake ni la sanduku, hivyo hunywa mafuta kupita gari dogo. Huhitaji nafasi kubwa kukata kona, jambo linaloudhi katika maegesho finyu ya Nairobi. Milango huvujisha maji, na kelele za injini hulazimu abiria kupaaza sauti ili wasikizane.

Lipo pia suala la matumizi mabaya. Katika aina nyingi za zamani, dereva huamua mwenyewe lini magurudumu yote manne yasukumwe na injini. Gari linapopinda, magurudumu ya mbele huzunguka njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye matope, tairi huteleza kidogo na tofauti hiyo kumalizika. Kwenye lami kavu haziwezi kuteleza, kwa hivyo mkazo wote huishia katika shafti na gia hadi kitu kivunjike. Hali kama hiyo hutokea tairi za mbele na za nyuma zikiwa za vipimo tofauti.

La kuhofiwa zaidi ni usalama. Gari lililoinuka juu hupinduka kwa urahisi kuliko gari la chini, hasa likiwa na mizigo kwenye keria na likipigishwa kona kwa kasi. Fremu iliyooza nayo huenda isihimili kishindo cha ajali.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja, mnunuzi anashauriwa kumwita makanika anayemwamini, gari liinuliwe, na fremu igongwe kwa nyundo kutoka mwanzo hadi mwisho. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu. Rangi mpya au lami iliyopakwa chini juzijuzi ni jambo la kutiliwa shaka. Nambari za injini na za chesisi zilinganishwe na zilizo kwenye kitabu cha umiliki, na rekodi za usajili zikaguliwe.

Isitoshe, atenge akiba ya matengenezo. Vipuri vingi hupatikana Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wangali wanaiita Grogan, lakini vya bei ya chini si lazima viwe vya kudumu. Wahenga walisema rahisi huwa ghali.